Gunia Lijalo

Mama mkwe wangu hapangi bei ya mkate kwa kuangalia unga ulioko kwenye tanuri. Huo, anasema, umeshakwenda na maji. Anachoangalia ni gunia lijalo, lile ambalo bado limelala ghalani kwa muuza unga na ambalo bei yake haijatamkwa na mtu. Kila Jumapili jioni, tukishafagia na kufunika meza za kukandia, anakaa kwenye kigoda chake karibu na mlango wa tanuri, ananyamaza kama mtu anayesikilizia jino, kisha anataja bei. Jumatatu alfajiri mimi naiandika ubaoni. Kwa sheria yake, mkate wa leo hauna kazi ya kulipia unga wa leo. Kazi yake ni kuuleta unga wa kesho.

Nilipoolewa kwenye nyumba hii nilidhani ni aina fulani ya ramli, maana alikuwa hakosei. Akisema unga utapanda, tukapandisha mkate asubuhi, basi hadi jioni ya Jumatatu hiyo hiyo muuza unga naye amepandisha, tena karibu kwa kiasi kile kile. Watu wa mtaa walimwita Mama Utabiri. Yeye alijifanya hasikii, ila shingo ilikuwa inapanda kidogo. Waoka mikate wengine walingoja unga upande kwanza ndipo wapandishe mkate, na kila mara walikuwa wamechelewa. Pesa walizopata hazikutosha tena kununua unga wa mikate waliyouza. Wengi wakafunga mmoja baada ya mwingine. Sisi tukabaki na matanuri yetu mawili, na mkandaji wetu ambaye kila mtu anamwita Bwana Hamira, kwa sababu akikasirika havumi wala hagombi, anavimba tu polepole.

Lakini mwaka huu sheria ikaanza kutugeukia. Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara, aliyekuwa akinunua mkate mzima na kuula akiwa amesimama, akaanza kuomba nusu. Akina mama wakaja jioni kuulizia wa jana. Wengine walisimama mbele ya ubao, wakasoma, wakashika watoto wao mkono na kuendelea na safari kama watu waliokuwa wakiangalia saa tu. Trei zilizotoka zimejaa zilirudi na mikate, na mkate uliorudi una sura ya mgeni aliyefukuzwa.

Basi siku moja katikati ya wiki, mama mkwe aliongea huku anapangusa kaunta, bila kumwangalia yeyote. "Jumatatu tukipandisha tena, tanuri la pili nalizima."

Hapakuwa na haja ya kufafanua. Tanuri moja linatoshwa na mikono yake na yangu. Bwana Hamira ana nyumba ya kupanga na watoto ambao anasema wamerithi tumbo lake lote bila kumwachia hata robo. Aliendelea kukanda. Mimi niliona tu kwamba lile donge alilikanda muda mrefu kuliko linavyotakiwa. Na sote watatu tulijua kwamba Jumatatu tutapandisha, kwa sababu tangu lini hatukupandisha?

*

Jioni tatu kwa wiki nasoma. Masomo ni kwenye shule ya msingi. Tunakalia madawati ya watoto, magoti yanagonga masikio, na ubaoni mara nyingi kuna herufi kubwa za darasa la kwanza ambazo hakuna anayethubutu kuzifuta. Binti yangu, ambaye nyumba nzima inamwita Kisauti kwa sababu hajawahi kuwa na kisauti hata siku moja, nakwenda naye. Baba yake ni dereva wa malori ya masafa, na bibi yake anaamka kabla ya majogoo na kulala mapema, kwa hiyo jioni mtoto ni wangu. Namtandikia shuka nyuma ya dawati la mwisho. Analala akiwa ameshika kidole changu, na mimi naandika kwa mkono uliobaki.

Mwalimu wetu wa uchumi alistaafu kutoka benki kuu, ambako, kwa maneno yake, alibeba mafaili ya watu waliobeba maamuzi. Ni mtu wa taratibu. Alituambia mwanzoni kabisa kwamba bei hazichomozi zenyewe kama jua. Nyuma ya kila mfumuko wa bei kuna watu, na nyuma ya watu hao kuna fundisho waliloliamini, na mara nyingi walikuwa watu wema. Wapo walioamini kwamba pesa ni kama maji ya bustani, ukizidisha kumwagilia mavuno yatazidi. Wakachapisha noti kulipia viwanda, noti zikafika sokoni, viwanda havikufika. Wapo walioamini kwamba bei ni kama gari, polisi akinyoosha mkono itasimama. Wakazisimamisha kwa sheria, na mkate ukawa na bei nzuri sana, tatizo hapakuwa na mkate. Kisha wakaja walioamini kwamba chanzo ni wingi wa pesa na si kingine, fungeni bomba mengine yatajipa. Wakafunga, bei zikatulia kweli, ila karakana nyingi nazo zikatulia, na waliokuwa wakifanya kazi humo wakarudi nyumbani.

Alitutembeza nchi za watu bila nauli. Ujerumani baada ya vita ya kwanza ya dunia, ambako mtu alipokea ujira na kukimbia dukani, maana akitembea pesa ingepungua njiani. Marekani, ambako benki kuu ilipandisha riba hadi watu wakaacha kujenga nyumba. Lakini iliyonikaa mimi kichwani ni Brazil. Huko, alisema, ilifika mahali bei zilipanda kwa sababu zilikuwa zimezoea kupanda. Kodi ya nyumba ilipanda kwa kuangalia bei za jana, mshahara ukaangalia kodi, bidhaa zikaangalia mshahara, kila mmoja amemshika mwenzake bega gizani akidhani huyo wa mbele ndiye anayeiona njia. Walijaribu kuzikamata bei kwa amri zaidi ya mara moja, zikaponyoka. Zilikuja kutulia pale walipobana matumizi ya serikali na, pamoja na hilo, wakawapa watu kipimo kipya cha kuhesabia ili wasahau mwendo wa zamani.

"Waliyatibu mazoea," alisema. "Kubana mfuko peke yake kusingetosha, na mazoea peke yake yasingetosha."

Nilikiona kile kigoda karibu na tanuri kana kwamba kimewekwa mbele ya darasa.

Baada ya somo nilimsubiri mlangoni, Kisauti amelala begani kwangu. Kwetu hapa, bomba lilishafungwa. Miezi kadhaa ilikuwa imepita tangu benki kuu ikatae kuchapishia serikali noti za mishahara. Riba ilikuwa juu kiasi kwamba mikopo watu waliiogopa kama umeme. Gavana wa benki hiyo alisikika redioni akisema, kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto anywe dawa, kwamba bei zitatulia. Nilimuuliza mwalimu kama gavana anasema kweli.

"Anasema kweli kama mtamwamini," alijibu. "Msipomwamini, atakuwa amesema uongo bila kukusudia."

Nikamuuliza basi sisi, kwenye duka letu la mikate, Jumatatu tufanye nini. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. Alisema angeweza kunieleza habari za nchi hadi kuche, lakini duka hawezi. Nchi ikikosea, watu huandika ripoti na kuomba radhi ukurasa wa mwisho. Duka likikosea linafungwa. Akanitakia usiku mwema, akamfunika Kisauti mguu uliokuwa nje, akaondoka. Sikumlaumu. Niliona ni heri mtu anayejua mahali elimu yake inapoishia.

*

Kesho yake, tukiwa tunapanga mikate, nilimwambia mama mkwe kila kitu, kuanzia maji ya bustani hadi Brazil. Alinisikiliza vizuri. Ana sifa hiyo, hakatizi mtu. Nilipomaliza nikatamka lililokuwa moyoni, kwamba pengine Jumatatu tuache bei kama ilivyo.

Alinijibu kwa hadithi ambayo mume wangu hajawahi kunisimulia, labda kwa sababu alikuwa mdogo sana. Mama mkwe alikuwa na umri kama wangu, na tanuri lake la kwanza lilikuwa jipya. Redio ikatangaza kwamba kupanda kwa bei kumekomeshwa. Mkate utauzwa kwa bei moja nchi nzima, na unga vivyo hivyo. Wakaja wakaguzi wakabandika karatasi ukutani. Yeye aliifurahia ile karatasi. Aliipigia pasi, alisema, kwa kuwa ilikuwa imejikunja. Aliuza kwa bei ya karatasi. Unga wa bei ya karatasi ukapotea madukani, ukawa unauzwa milango ya nyuma kwa bei isiyoandikwa popote, na noti mpya zikaendelea kumiminika kama kawaida. Kila mkate aliouza ulikuwa unakula gunia lijalo. Siku alipouza mkate wa mwisho alikuwa na pesa sanduku zima, na hazikutosha gunia moja. Tanuri liliuzwa. Alianza upya na beseni kichwani.

"Mimi kuamini nimeshaamini, mwanangu," alisema. "Zamu yangu ilishapita."

Ile sheria yake nilikuwa nikiichukulia kama ukaidi wa kizee, kumbe ni kovu. Aliyeumwa na nyoka huogopa hata ung'ongo, na mimi nilikuwa nimesimama pale namweleza habari za ung'ongo wa Brazil.

Hata hivyo kuna kitu alikisema mwishoni ambacho sikukiacha. Alisema, kama kujitetea, kwamba si yeye tu. Hata Mzee Kilo, mwenye ghala la unga, mtu anayezungumza na wenye kiwanda cha kusagia, naye anapandisha kila Jumatatu. Mtu kama yule hapandishi bila kujua kitu. "Yule ana macho huko mbele," alisema.

Mzee Kilo tunamfahamu sana. Kila Jumatatu asubuhi anakuja mwenyewe, amevaa koti hata kama kuna joto, anasimama mbele ya kaunta, anamwamkia mama mkwe kwa adabu zote, ananunua mkate mmoja mzima, anaondoka. Habebi nusu, wala haulizii wa jana. Bwana Hamira alikuwa ameshapitisha hukumu: mzee ni mjane, mama ni mjane, na hakuna mwanamume anayevaa koti kufuata mkate. Siku alipolisema hilo kwa sauti, mama mkwe alimkimbiza na lile koleo refu la kutolea mikate hadi barabarani. Lakini Jumatatu iliyofuata nilimwona akijifunga kitambaa kipya.

*

Jumamosi nilitumwa ghalani. Mama mkwe alitaka nimuulize Mzee Kilo kama tunaweza kuchukua magunia mawili mapema, kabla ya Jumatatu, kwa bei ya sasa. Nilimbeba Kisauti mgongoni kwa sababu alikuwa amekataa kutembea kwa hoja zake binafsi.

Mzee alikuwa ametoka. Mlinzi wa ghala, mtu mnene mwenye ucheshi, alituwekea gunia tukalie. Kisauti alimtazama, akamwuliza mbona tumbo lake ni kubwa, ana mtoto ndani? Nilitamani ardhi ipasuke. Mlinzi akacheka hadi akashika nguzo.

"Hili ni la mikate yenu, mama," alimwambia, kama anaongea na mtu mzima. "Kila Jumatatu nakula mzima peke yangu."

Nilimwambia sijawahi kumwona dukani. Akasema yeye haji. Mkate analetewa na bosi. Nikauliza bosi mwenyewe anakula nini. Mlinzi akashangaa kwamba sijui. Mzee hali mkate. Ngano inamsumbua tumbo, daktari alishamkataza siku nyingi. Mtu anayeuza unga mji mzima, hawezi kumeza hata kipande.

"Sasa ananunua wa nini?"

"Wa kusoma bei," alisema mlinzi. "Akifika hapa ananipa mkate, halafu anaingia ofisini kupanga bei ya unga. Anasema yule mama wa mikate ana mtu wake ndani wa kumpa habari, haiwezekani awe anajua kila wiki. Bei ya kiwandani sisi hata haijaguswa tangu mwezi uliopita. Ila mzee anasema, yule mama akipandisha ujue kuna jambo linakuja, bora nijikinge."

Kisauti alikuwa anachezea uzi wa gunia na kuimba. Nilimwomba mlinzi arudie, akarudia, kwa upole, kama mtu anayemweleza mgeni njia.

Sikumsubiri Mzee Kilo. Nilirudi nyumbani nusu natembea nusu nakimbia.

*

Mama mkwe alinisikiliza akiwa amesimama, mikono imejaa unga. Nilipofika kwenye daktari na tumbo la Mzee Kilo, Bwana Hamira aliacha kukanda. Nilipofika kwenye "yule mama ana mtu wake ndani", mama mkwe alikaa chini. Hakukaa kwenye kigoda. Alikaa kwenye sakafu, mgongo kwenye meza.

Kwanza alicheka. Kilikuwa kicheko kirefu cha bila sauti, mabega tu yanapanda na kushuka, machozi yanachora njia kwenye unga uliokuwa mashavuni. Bwana Hamira akasema kwa huzuni ya bandia, "Basi posa imevunjika," mama mkwe akacheka zaidi, akamrushia kitambaa. Kisha kicheko kikaisha, na uso ukabaki wazi.

"Kwa hiyo nilikuwa nampandishia mimi," alisema.

Nikamwambia, na yeye alikuwa anakupandishia wewe.

"Miaka yote hii nasema natabiri. Kumbe naagiza."

Nilitaka kumwambia kwamba si kweli kabisa. Kwamba zile noti zilipokuwa zinamwagwa unga ungepanda tu, hata kama yeye angekuwa amelala, na sheria yake ndiyo iliyotulisha wakati ule. Nikamwambia baadaye, na nadhani alinielewa. Sheria ilikuwa ya kweli kwa wakati wake. Ni wakati uliokuwa umeondoka, bila kumuaga.

Ila hakusema sasa tuache bei. Watu wanadhani mtu akishaona kosa hofu inamtoka. Haitoki. Alianza kuhesabu kwa sauti: kama tukiacha bei, na Mzee Kilo akapandisha kwa mazoea, mauzo ya wiki hayatatosha magunia ya wiki ijayo, na kukopa kwa riba ile ni kujinyonga kwa kamba ya kununua. Wiki moja ya kukosea, na litakalozimwa halitakuwa tanuri la pili peke yake. Ile karatasi ya ukutani ilikuwa bado imebandikwa kwake mahali fulani kifuani.

Nilisema kwa uangalifu, maana ni mama yangu. "Mama, ile karatasi walibandika huku bomba likiwa wazi. Sasa limefungwa. Kuamini peke yake hakujazi gunia, najua. Lakini safari hii kuna kitu cha kuaminia."

"Hilo lako la bomba umelisikia kwa mwalimu. Mimi gavana simjui, hata nikikutana naye njiani nitampisha tu." Alijifuta mikono. "Mzee Kilo namjua. Vaa viatu, twende."

*

Tulimkuta ofisini, chumba kidogo chenye meza, feni na vumbi jeupe la unga juu ya kila kitu, hata juu ya simu. Alipomwona mama mkwe alisimama haraka na kuanza kutafuta koti. Mama mkwe alimwambia akae, hakuja kuuza mkate, tena anajua kwamba mzee hali mkate.

Mzee alimtazama mlinzi kupitia dirishani. Mlinzi akageuka kuangalia mawingu.

Mengi waliyosemezana yalikuwa ya biashara na sikuyashika yote, kwa sababu Kisauti alikuwa ameanza kuandika kwa kidole kwenye vumbi la meza. Mzee alikiri bila kujitetea sana. Alieleza kwamba zamani aliwahi kubaki nyuma ya bei na akapoteza lori lake. Tangu hapo akawa anatafuta mtu mwenye pua ya kunusa mbele, na katika mji mzima pua aliyoiona ni ya mama mkwe.

"Nilikuwa nakufuata wewe, mama. Nilidhani unaona."

"Na mimi nilikuwa nakufuata wewe."

Feni ilikuwa inazunguka. Niliwaangalia watu wazima wawili, kila mmoja na hasara yake ya ujana, waliokuwa wakitishana kila Jumatatu kwa heshima zote, kwa miaka, kwa mkate mmoja.

Mama mkwe akasema atauacha ubao kama ulivyo. Akamwomba naye auache unga. Mzee Kilo alikuna kidevu. Alisema ahadi hana. Watu wa kiwanda wakimwamkia vibaya, naye atatuamkia vibaya, hana namna. Mama mkwe akasema hilo ni haki. Anachoomba ni kwamba akipandisha, apandishe kwa sababu ya kiwanda, asipandishe kwa sababu yake yeye.

"Mimi usiniogope," alimwambia. "Sina mtu ndani."

*

Jumatatu alfajiri niliandika bei ile ile. Mkono ulitaka kubadilisha tarakimu wenyewe. Duka la mikate lililosalia mtaa wa pili lilikuwa limepandisha, tulisikia kabla ya jua kuwa kali, na mama mkwe akaenda kusimama mbele ya ubao mara kadhaa kama mtu aliyesahau kitu nje. Bwana Hamira alikanda tu. Matanuri yote mawili yalikuwa yanawaka, na hakuna aliyejua kama tunayawasha au tunayaaga.

Fundi viatu alikuja. Alisoma, akasoma tena, akauliza kama tumesahau kuandika. Tukamwambia hapana. Akanunua nusu, akatoka, akarudi akaongeza nusu nyingine. Mzee Kilo naye alikuja, safari hii hana koti. Alisimama mbele ya ubao muda mrefu. Alimwamkia mama mkwe, akanunua mkate wa mlinzi, akaenda zake. Uso wake ulikuwa kama ukuta.

Mchana nilitumwa na pesa. Njia nzima nilikuwa naomba. Nilimkuta Mzee Kilo mlangoni mwa ghala, akaangalia zile pesa mkononi mwangu, akasema, "Ni ile ile. Wiki hii." Hilo la mwisho alilisisitiza. Niliyapandisha magunia kwenye mkokoteni na kutembea pembeni yake, mkono juu ya gunia la juu, kama mtu anayemsindikiza mgonjwa aliyeruhusiwa kutoka hospitali.

Wiki iliyofuata ilikuwa ile ile. Ile ya baada yake kiwanda kilipandisha kidogo, kweli, kwa ajili ya mafuta ya magari. Mzee Kilo akaja mwenyewe kutuambia kabla, akabeba sehemu ya nyongeza, nasi tukabeba sehemu, na ubao haukuguswa. Duka la mtaa wa pili likarudisha bei yake kimya kimya, usiku, kama mtu anayerudisha kitu alichoazima bila kuomba. Sitaki kusema tulikomesha mfumuko wa bei. Nyama bado ilikuwa kitu cha kutazama, na karakana ya milango iliyokuwa jirani yetu ilifungwa kwa sababu ya zile riba. Mwenye karakana aliniambia kwamba tiba imeponya homa na kumwua mgonjwa. Hilo nalo ni kweli, na nililiandika kwenye mtihani wangu. Lakini trei zetu zilirudi tupu.

Kisha siku moja akaja muuguzi kutoka zahanati ya juu ya barabara, bado amevaa sare. Walikuwa wamepata bajeti ya kulisha wagonjwa waliolazwa. Alitaka mikate kila asubuhi, mwezi mzima ujao, na mkubwa wake anahitaji kujua bei sasa ili aidhinishe.

Niliacha nilichokuwa nafanya. Watu wa namna hiyo walikuwa wakija zamani, na mama mkwe alikuwa na jibu moja kwao wote: njoo siku hiyo tutaongea. Hajawahi, tangu nimjue, kutaja bei inayovuka wiki moja. Bwana Hamira naye aliinua kichwa.

Mama mkwe aliweka mikono yote miwili juu ya kaunta. Alitazama nje, barabarani, ambako hapakuwa na kitu cha kutazama. Midomo ilicheza kidogo, bila sauti. Kisha akataja bei.

Muuguzi akaandika. "Na mwisho wa mwezi? Itakuwa hiyo hiyo?"

"Hiyo hiyo," alisema mama mkwe, na sauti ikakwaruza. Akakohoa, akarudia vizuri, ili yule dada aisikie. "Andika. Hiyo hiyo."